Kishikio cha Mbele cha Bunduki: Seremala Akiletewa Kipande cha Kuchonga

Tumezoea kuwahadharisha wananchi wa mipakani juu ya risasi na maguruneti. Leo tunasomesha juu ya kipande ambacho wengi hukidharau kwa kuwa ni mbao tu, nacho ni kishikio cha mbele, kifuniko kinachouzunguka mtutu mahali mkono wa mbele unaposhika.

Kazi yake ni kuukinga mkono usiungue. Katika bunduki ya Kalashnikov, inayofahamika mno katika eneo letu la Maziwa Makuu, kishikio hicho kina vipande viwili: cha chini huushikilia mtutu, na cha juu hufungamana na bomba la gesi. Risasi inapotoka, sehemu ya gesi ya baruti huingia katika bomba hilo na kuisukuma pistoni ili bunduki ijipakie tena. Zikifululizwa risasi nyingi, chuma hupata moto hata mbao ikatoa moshi. Wasovieti walitumia mbao za tabaka zilizounganishwa kwa gundi, na baadaye plastiki. Fundi wa ghala la silaha achaguapo kishikio, huangalia kwanza kama kimeundwa kwa bunduki ya aina ileile, kisha kama hakina ufa na hakichezi kikifungwa. Uzuri wa rangi si hoja.

Sasa tufikirie bunduki iliyofukiwa miaka mingi. Mbao huoza au huliwa na mchwa, ilhali chuma huweza kusalia. Anayetaka kuifufua hana ghala la kuendea. Aweza kumwendea seremala wa kijijini na kumwomba amchongee mkaratusi kwa kufuata kipande kibovu, pasipo kutaja bunduki. Seremala na akitambue: urefu wake ni karibu shibiri moja, ndani kina mfereji wa nusu duara, na mara nyingi ubavuni kimetuna ili vidole vishike. Mteja asiyetaka kusema kipande ni cha chombo gani, nasi twaona ni jambo la kutiliwa shaka.

Tunaandika haya tukiwa Rebero, kilima cha Kicukiro walikozikwa wanasiasa waliouawa mwaka 1994 kwa kupinga mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi. Hapa swali la nani ashike silaha halihitaji maelezo marefu.

Wapo wadhanio kuwa kubadili mbao kunaificha asili ya bunduki. La. Namba hupigwa kwenye chuma cha mwili wake. Itifaki ya Nairobi, iliyotiwa saini tarehe 21 Aprili 2004, Rwanda ikiwamo, inazitaka nchi ziweke alama kwenye silaha, na ziwaadhibu wanaozifuta alama hizo pamoja na wanaotengeneza silaha bila kibali.

Tunajua seremala huogopa kwamba akija kutueleza atageuzwa mtuhumiwa. Woga huo hatuubezi. Hata hivyo, ajaye kabla hajashika randa huja kama shahidi, na hali yake si sawa na ya yule tunayemkuta kazi imekwisha na malipo yamo mfukoni. Kipande asikichonge, wala asigombane na mteja. Amwambie tu ana kazi nyingi. Kisha amwarifu kiongozi wa mudugudu au apige simu 112. Na aliyekuta bunduki yenyewe shambani asiiguse, hata kama mbao yake imekwisha kuoza: huenda risasi ingali chemba.