Barbara Kingsolver: riwaya ya Kongo na mfasiri asiyesimulia

Barbara Kingsolver alizaliwa mwaka 1955 huko Annapolis, Maryland, akakulia mashambani Kentucky. Akiwa na umri wa miaka kama saba aliishi Kongo kwa muda, kwa kuwa baba yake, daktari, alikuja kufanya kazi huku. Chuoni alisomea biolojia. Riwaya yake ya kwanza, The Bean Trees, ilitoka mwaka 1988, na Demon Copperhead ilimpatia Tuzo ya Pulitzer mwaka 2023. Inayotuhusu zaidi ni The Poisonwood Bible, ya mwaka 1998.

Mwaka 1959, mhubiri Mbatisti Nathan Price anatoka Georgia na mkewe Orleanna na mabinti wanne, anahamia Kilanga, kijiji cha kubuni. Wanaosimulia ni wanawake watano, mama na mabinti, na kila mmoja ana lugha yake. Rachel huchanganya maneno asiyoyajua vizuri. Adah husoma sentensi kinyumenyume. Ruth May husema kitoto. Nathan, mwenye maneno mengi kuliko wote, hapewi hata sura moja.

Jina la kitabu limetokana na kosa la matamshi. Nathan anataka kutangaza kwamba Yesu ni bängala, yaani wa thamani. Kwa jinsi anavyolitamka, waumini wanasikia jina la mti wenye sumu unaowasha ngozi. Sisi wa Kiswahili tunalijua jambo hili: barabára ni njia, barábara ni sawasawa. Kila mgeni hukosea, na anayesikiliza hurekebishwa. Nathan hasikilizi, kwa hiyo anaendelea kuhubiri sumu. Hapo kosa dogo la kifonolojia linabeba dhamira nzima: kuwasemea watu bila kuwasikia, kama Marekani ilivyofanya Kongo wakati wa Lumumba.

Tafsiri ya Kifaransa inaitwa Les Yeux dans les arbres. Biblia na mti wa sumu vimeondoka kwenye jalada, na dokezo la kosa hilo limeondoka navyo.

Je, mwandishi mwenyewe amewasikia Wakongo? Alipokuwa akiandika hakuweza kuingia Zaire ya Mobutu, na sauti zote tano ni za Kimarekani. Wanaomtetea husema kitabu kinahusu hatia ya Wamarekani, na kwamba kuigiza sauti ya Mkongo kungekuwa udanganyifu. Hoja hiyo ina nguvu, lakini haimalizi swali. Anatole, mwalimu wa kijiji, ndiye anayefasiri mahubiri ya Nathan. Yeye peke yake anaelewa pande zote mbili, na bado tunamjua kupitia macho ya wengine, hasa Leah, atakayekuwa mkewe.

Zoezi: andika kwa Kiswahili, katika ukurasa mmoja, mahubiri ya bängala yakisimuliwa na Anatole. Amua kwanza: atalifasiri neno kama lilivyokusudiwa, au kama lilivyotamkwa? Kisha toa sababu zako.