LAANA YA ZABURI NA KITABU CHA MWEKA HAZINA



Somo letu la leo ni juu ya kiburi, dhambi na laana katika Zaburi. Tunaomba mlisome mkiwa pamoja, Biblia ikiwa wazi katikati yenu. Mwishoni kuna maswali. Msiyaruke.

Jambo lililotokea

Kuna kikundi kimoja tulichokuwa tukikitembelea kila mwezi. Wanachama, wengi wao akina mama, walikuwa wakichanga pesa za kununua matangi ya maji kwa zamu. Zamu zikafika mahali zikasimama. Walipomwuliza mweka hazina, akawajibu: "Nyinyi hata kusoma hamjui. Nikiwapa kitabu mtaangalia nini?"

Siku ya mkutano mama mmoja alisimama, akaomba isomwe Zaburi ya 109. Humo mwombaji anamwomba Mungu ampunguzie adui yake siku za kuishi, mke wake abaki mjane na watoto wake wazunguke wakiombaomba. Mama akasema, "Hii ndiyo yetu. Tuisome tukimtaja jina." Mwingine akasema hiyo haitoshi, chungu kivunjwe. Na watoto wa yule mweka hazina walikuwa hapo nje, wakicheza na watoto wa wale wale waliotaka kulaani.

Wakatugeukia sisi. Hatukuwa na jibu. Tuliomba wangoje wiki moja, tukaenda kuzisoma Zaburi upya. Haya ndiyo tuliyoyapata.

Kiburi ni nini?

Wengi tunadhani kiburi ni kutembea kifua mbele au kutosalimia watu. Zaburi ya 10 inaingia ndani zaidi. Mwenye kiburi anajiambia moyoni kwamba Mungu hataona wala hatauliza. Kwa kuwa haogopi kuulizwa, anamvizia maskini kama simba. Huo ndio mzizi wa dhambi yake: kukataa kuulizwa.

Zaburi ya 73 inatuonya sisi tunaolalamika. Asafu anawaona wenye kiburi wamenona, kiburi wamekivaa shingoni kama mkufu. Naye anawaonea wivu, karibu ateleze. Kumbe mtu anaweza kuchukia kiburi cha mwenzake huku anakitamani! Fahamu zinamrudia anapoingia patakatifu pa Mungu.

Laana ni ya nani?

Maneno ya Zaburi ya 109 ni makali. Kanisa lilipotengeneza upya Sala ya Vipindi mwaka 1971, Zaburi za 58, 83 na 109 ziliachwa nje kwa sababu ya ukali huo. Lakini katika Biblia zimebaki, kwa maana kilio cha aliyeonewa nacho ni sala.

Tuangalie basi huyu mwombaji anasema na nani. Anasema na Mungu. Hakwenda kwa mganga, hakuchoma nyumba ya mtu. Hasira yake yote aliichukua akaimwaga mbele za Mungu, akaiacha hapo. Tena anatoa sababu: yule mtu hakukumbuka kutenda huruma, alimwandama maskini, na alipenda kulaani, basi laana imrudie mwenyewe. Wazee wetu walisema mchimba kisima huingia mwenyewe, na Zaburi ya 7 inafundisha vivyo hivyo.

Na watoto je? Nabii Ezekieli, sura ya 18, anafundisha wazi kwamba mtoto habebi kosa la baba yake. Kwa hiyo tusiwaguse.

Petro alivyoitumia Zaburi hii

Fungueni Matendo ya Mitume, sura ya 1. Yuda ndiye aliyeshika mfuko wa pesa, na Yohana sura ya 12 inasema alikuwa akiiba humo. Baada ya kifo chake, ndugu kama 120 wamekutana. Petro anasimama na kuitaja Zaburi ya 109. Katika laana zote za Zaburi hiyo anachukua moja tu: ile ya cheo chake kuchukuliwa na mwingine. Ya mjane na yatima hakuyataja.

Halafu wanafanya kazi kama kikundi. Wanasema sifa za mtu anayetakiwa, wanataja majina mawili, wanasali, wanapiga kura, anapatikana Mathia. Hukumu wamemwachia Mungu. Kujaza nafasi ni kazi yao, wakaifanya.

Tuliporudi

Tulilisoma somo hili na kile kikundi. Wakachagua watu watatu wa kukagua. Binti mmoja wa sekondari akasoma kitabu kwa sauti, mstari kwa mstari, kwa lugha ya nyumbani. Ikaonekana mweka hazina alijikopesha pesa za matangi mawili. Aliondolewa kwa kura. Sehemu amerudisha, sehemu bado. Yule mama bado ana uchungu, na Jumapili anakaa benchi moja na mke wa yule mtu. Hatuwezi kusema mambo yamekwisha.

Nasi tuna letu la kukiri. Miezi yote ile hatukuomba kuona kitabu hata siku moja. Yule bwana alikuwa amesoma na alizungumza nasi vizuri, tukaona hao wengine hawana la kutuambia. Hicho nacho kilikuwa kiburi. Zaburi ya 139, ikishasema inawachukia waovu, inamwomba Mungu auchunguze moyo wa msemaji mwenyewe. Tusiishie njiani kabla ya kufika hapo.

Maswali ya kujadiliana

1. Katika kikundi chetu, ni nani ambaye hakuna anayethubutu kumwuliza? Kwa nini?
2. Tukikasirika, hasira yetu tunaipeleka wapi?
3. Kitabu cha pesa kilisomwa mbele ya wote lini mara ya mwisho?
4. Ni nani tunayemdharau kwa sababu hakusoma?

La kufanya: mkutano ujao, kabla ya sala ya kufunga, kitabu kisomwe kwa sauti. Na anayesoma asiwe mweka hazina.