Huria si Bure: Hatima ya Hifadhidata Iliyonunuliwa

Katika istilahi za tarakilishi, neno huria hutatanishwa mara nyingi na bure. Bure huhusu bei. Huria huhusu haki. Tofauti hiyo ilidhihirika Januari 2010, kampuni ya Oracle ilipokamilisha ununuzi wa Sun Microsystems, ikaimiliki MySQL, hifadhidata huria ambayo Sun ilikuwa imeinunua mwaka 2008. Nchini Kenya jambo hili halikuwa la mbali: OpenMRS, mfumo wa rekodi za wagonjwa ulioanza kutumika Eldoret mwaka 2006, ulitegemea MySQL. Je, mmiliki mpya angeweza kuzifungia hospitali hazina hiyo?

La. Angeweza kufunga matoleo yajayo, si yaliyokwisha kutolewa, kwani leseni ya GPL ilikuwa imewaruhusu watumiaji kuyachunguza, kuyarekebisha na kuyasambaza. Kwa ruhusa hiyo Michael Widenius, mmoja wa waanzilishi wa MySQL, alianzisha MariaDB mwaka 2009 kutokana na msimbo uleule.

Hata hivyo, haki isiyo na wataalamu ni kisima kisicho na kamba. Kwa zahanati iliyo mbali, tuseme Bura katika Garissa, uhuria huwa na maana pale tu anapopatikana mtu wa kuusoma msimbo na kuurekebisha.