Gari la familia: bei ya yadi ni nusu tu ya hesabu

Mfanyabiashara wa Bagamoyo anayerudi jioni kutoka Kariakoo hupita yadi za magari kabla hajafika Tegeta, na kila wiki macho humganda kwenye gari lile lile. Dalali anataja bei kwa mdomo: milioni kumi na mbili, milioni kumi na tisa, maelewano yapo. Wengi huilinganisha bei hiyo na akiba iliyopo benki. Ikitosha, gari linanunuliwa. Isipotosha, hutafutwa mkopo wa kuziba pengo. Hesabu hiyo ina kasoro mbili, na zote mbili hulipwa na duka.

Kasoro ya kwanza ni kudhani kwamba gari linalipiwa mara moja. Ya pili ni kuhesabu akiba yote kuwa fedha ya gari, ilhali sehemu yake ni ada ya Januari na nyingine ni mzigo wa Ramadhani.

Tuchukue mfano wa familia ya kubuni, ili tarakimu zionekane. Baba, mama, watoto wanne na bibi. Wana duka la nguo na vyombo mjini Bagamoyo. Bidhaa zilizomo dukani zina thamani ya Sh. milioni 18. Baada ya kutoa kodi, pango, nauli na gharama nyingine zote za biashara, faida halisi ni Sh. milioni 2 kwa mwezi. Nyumba, pamoja na wastani wa ada za shule, hula Sh. 1,500,000. Akiba benki ni Sh. milioni 14. Baba huenda Kariakoo mara tatu kwa wiki, yaani safari 13 kwa mwezi, na kila safari humgharimu karibu Sh. 10,000 kwa basi na bodaboda.

Swali la kwanza basi si gari gani. Swali ni kiasi gani kinabaki kila mwezi ambacho gari linaweza kukila bila kugusa chakula wala bidhaa. Kinabaki Sh. 500,000. Tukiongeza nauli ya Sh. 130,000 itakayookolewa, tunapata Sh. 630,000. Hilo ndilo dari. Gari lolote linalohitaji zaidi ya hapo kwa mwezi litalishwa na mtaji, hata kama lilinunuliwa taslimu.

Safari 13 na lita za mafuta

Kutoka Bagamoyo hadi katikati ya Dar es Salaam ni karibu kilomita 70, yaani 140 kwenda na kurudi. Mamlaka ya EWURA hutangaza bei kikomo za mafuta kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, na zinapanda na kushuka kufuatana na soko la dunia. Mwaka 2022 zilipanda kiasi cha Serikali kuweka ruzuku kuanzia Juni. Kwa ajili ya mfano tutumie Sh. 3,000 kwa lita. Msomaji aweke bei ya mwezi wake.

Toyota IST yenye injini ya 1300cc, ikiwa nzima na dereva akiwa mtulivu, tuseme itakwenda kilomita 14 kwa lita. Safari moja ni lita 10, yaani Sh. 30,000. Safari 13 ni Sh. 390,000. Toyota Noah ya 2000cc, ikibeba watu na mzigo na kusimama kwenye foleni ya Mwenge, tuseme itahitaji lita 15 kwa safari. Hiyo ni Sh. 45,000, na kwa mwezi Sh. 585,000.

Tuongeze gharama nyingine. Familia inaitamani Noah ya Sh. milioni 19, kwa kuwa wako saba. Watatoa milioni 11 na kukopa milioni 8 kwa riba ya asilimia 18 kwa mwaka, miezi 36. Rejesho ni karibu Sh. 289,000 kila mwezi. Bima kubwa kwa asilimia 3.5 ya thamani ya gari, pamoja na VAT, ni karibu Sh. 65,000 kwa mwezi. Kubadili oili, matairi, breki na yasiyotarajiwa, tuseme Sh. 120,000. Jumla ni Sh. 1,059,000, wakati dari ni Sh. 630,000. Noah hiyo ingelila duka Sh. 429,000 kila mwezi. Kwa mwaka ni zaidi ya Sh. milioni 5 kati ya bidhaa za milioni 18, na rafu zikianza kuwa wazi wateja huhamia duka la jirani bila kuaga.

IST ya Sh. milioni 12 iliyolipiwa taslimu ina sura tofauti. Mafuta Sh. 390,000, bima kubwa Sh. 41,000, matengenezo Sh. 80,000. Jumla Sh. 511,000. Inapita chini ya dari. Lakini akiba imebaki Sh. milioni 2, na nyumba inakula milioni moja na nusu kwa mwezi. Mtoto akilazwa mwezi ule ule ambao soko limelala, gari litarudi kwa dalali kwa bei ya mwenye shida. Tena watu saba hawaenei kwenye gari la watu watano, na trafiki wa Bunju anajua kuhesabu vichwa.

Jambo linalosahaulika katika mjadala wa aina ya gari ni idadi ya safari. Kwa nini Kariakoo mara tatu kwa wiki? Mara nyingi ni kwa sababu bidhaa zinanunuliwa kidogo kidogo, kadiri mteja alivyoagiza. Mwenye duka akipanga manunuzi na kwenda safari tano tu kwa mwezi, Noah ile inatumia mafuta ya Sh. 225,000, kiasi ambacho ni kidogo kuliko cha IST inayokwenda safari 13. Kupunguza safari kunaokoa zaidi kuliko kupunguza ukubwa wa injini. Mzigo mkubwa unaweza kupakiwa kwenye kirikuu ya kukodi, gharama yake ikaandikwa kwenye daftari la duka, na gari la familia likabaki la familia.

Wafanyabiashara wa misafara waliotumia Bagamoyo katika karne ya 19 walilijua hili kwa njia yao. Bidhaa zilikuwa na bei yake, lakini wapagazi na posho zao vilikuwa hesabu nyingine nzito, na wengi walikwenda bara kwa mali ya mkopo kutoka kwa matajiri wa Unguja.

Dari la bei

Baada ya dari la mwezi ndipo lije dari la bei. Familia hii inatakiwa kuacha benki angalau matumizi ya miezi mitatu, yaani Sh. milioni 4.5. Gari la mkononi huhitaji fedha mara tu linapofika nyumbani: uhamisho wa umiliki, bima, betri, labda matairi mawili. Tuweke Sh. milioni 1. Kutoka milioni 14 zinabaki milioni 8.5. Hiyo ndiyo bei ya juu kabisa, na si mahali pa kuanzia maelewano.

Kwa fedha hiyo kuna haja ya kuangalia magari ambayo hayana sifa mtaani lakini yana viti. Toyota Sienta na Corolla Spacio za 1500cc zipo zenye safu ya tatu ya viti. Safu hiyo ni finyu, inafaa watoto, lakini ndiyo inayohitajika. Kwa lita 12 kwa safari na safari tano kwa mwezi, mafuta ni Sh. 180,000. Tukiweka bima ndogo ya Sh. 10,000 kwa mwezi na matengenezo Sh. 100,000, jumla ni Sh. 290,000. Zinabaki Sh. 340,000 chini ya dari, na hizo ndizo za kwenda msibani Pangani, kulipia faini ya tochi, na kuanza kuweka akiba ya gari litakalofuata.

Mwekezaji mdogo atauliza fedha hiyo ingezaa nini mahali pengine. Ni swali halali. Hatifungani ya Serikali ya miaka 20 iliyotolewa kwa riba ya asilimia 12.1, kiwango kilichowekwa mwaka 2022, ingeilipa milioni 8.5 zaidi kidogo ya Sh. milioni moja kwa mwaka, ilhali gari hupungua thamani. Hata hivyo, bibi hawezi kupelekwa Muhimbili usiku kwa hatifungani. Kinachotakiwa ni kuijua bei ya uhuru huo, na kuilipa kwa makusudi.

Kuagiza au kununua mkononi

Wanaoagiza kutoka Japani huvutiwa na bei ya mtandaoni. Bei hiyo ni mwanzo tu. Kwa utaratibu wa TRA, gari hutozwa ushuru wa forodha wa asilimia 25 juu ya thamani inayojumuisha bima na usafiri hadi bandarini. Juu ya jumla hiyo unaongezwa ushuru wa bidhaa: hakuna kwa injini isiyozidi 1000cc, asilimia 5 hadi 2000cc, asilimia 10 kwa kubwa zaidi. Gari dogo lenye zaidi ya miaka 10 tangu litengenezwe huongezewa asilimia 30 kwa uzee, na lenye miaka minane hadi kumi asilimia 15. Mwishoni inakuja VAT ya asilimia 18 juu ya vyote.

Kwa gari la 1500cc lenye zaidi ya miaka kumi, kila Sh. 100 za thamani huzaa kodi ya karibu Sh. 99, kabla ya tozo ndogo ndogo na ada ya usajili. Gari la aina hiyo lililo chini ya miaka minane huzaa karibu Sh. 55. Na TRA ina thamani zake yenyewe kwa kila aina na mwaka. Ankara ya muuzaji yenye bei ndogo haimsaidii mnunuzi. Kikokotoo kipo kwenye tovuti ya mamlaka hiyo, na viwango hubadilika kwa bajeti, hivyo ni busara kukitazama kabla dola haijatumwa.

Anayenunua mkononi ameepuka hesabu hiyo, lakini ana mtego mwingine: namba. Mtaani gari huuzwa kwa herufi, namba D ghali kuliko namba C, namba E ghali kuliko D. Herufi hiyo inaonyesha gari lilisajiliwa lini Tanzania. Haisemi lilitengenezwa lini. Gari la mwaka 2004 lililoingia nchini 2019 lina namba D na miaka 15 ya uchakavu wa ng'ambo. Mwaka wa kutengenezwa umo kwenye kadi.

Kwa wakazi wa pwani kuna kutu. Hewa ya chumvi ya Bagamoyo, Mbweni au Kunduchi hula chuma kimya kimya, kuanzia sakafu, matao ya matairi na bomba la moshi. Rangi mpya ya juu haisemi lolote. Gari lililokaa Dodoma na gari lililokaa miaka sita karibu na soko la samaki si bidhaa moja, hata kama namba zinafuatana. Mnunuzi alilipie fundi wake kulinyanyua gari na kugonga chini kwa bisibisi. Fedha hiyo ni ndogo kuliko kuchomelea sakafu. Akishalinunua, alioshe chini kwa maji baridi mara kwa mara.

Mkopo na kadi

Mkopo wa gari si dhambi ya biashara ikiwa rejesho linaingia chini ya dari. Katika mfano wetu, milioni 8 zingerudi zikiwa milioni 10.4. Wasiotaka riba wana njia ya murabaha, ambapo benki ya Kiislamu, kama Amana iliyoanza mwaka 2011, hununua mali na kumuuzia mteja kwa faida iliyotajwa mapema. Dini ya mkataba inatofautiana, lakini kipimo cha familia ni kile kile: rejesho la mwezi na jumla ya mwisho.

Hatari kubwa ni mikopo ya kuweka kadi ya gari. Mwenye duka aliyemaliza akiba kununua gari hujikuta miezi michache baadaye akiipeleka kadi kwa mkopeshaji ili apate mtaji wa Idi. Riba huhesabiwa kwa mwezi, wakati mwingine kwa wiki, na mkopo ukichelewa gari huuzwa.

Siku ya kulipa, mnunuzi alinganishe namba ya chesisi iliyogongwa kwenye gari na iliyo kwenye kadi, jina la kadi na kitambulisho cha anayepokea fedha. Aangalie pia deni la faini za barabarani kwa namba ya gari. Kwa barabara ya Bagamoyo, yenye vibao vingi vya kilomita 50 kwa saa kati ya Bunju na Kerege, si ajabu kukuta notisi kadhaa za Sh. 30,000 ambazo muuzaji alizisahau. Zikatwe kwenye bei palepale, kabla ya uhamisho.