Somo: Kufikisha Wi-Fi Katika Majengo Yote ya Kaya

Kaya nyingi za Turiani, wilayani Mvomero, zina majengo zaidi ya moja katika kiwanja kimoja: nyumba kuu, jiko la nje, nyumba ya vijana, ghala la mpunga, pengine na duka kando ya barabara. Intaneti ikishafungwa katika nyumba kuu, hugundulika upesi kwamba haifiki dukani wala ghalani. Hapo mtumiaji hushawishika kununua ruta anayoambiwa kuwa ina nguvu zaidi, na mara nyingi fedha zake hupotea. Somo hili linaeleza namna ya kulitambua tatizo kabla ya kununua chochote.

Anza kwa kupima

Simama karibu na ruta, upime kasi kwa simu. Rudia kipimo mlangoni pa kila jengo, ukiandika na umbali wake. Kasi ikiwa ndogo hata karibu na ruta, kasoro iko katika huduma inayoingia, si katika usambazaji. Turiani iko chini ya Milima ya Nguru, na kilima kilicho kati ya nyumba na mnara hudhoofisha mawimbi. Kama ruta yako hutumia laini ya simu, isogeze kwenye dirisha linaloelekea mnara, au tumia antena ya nje ikiwa ruta inaikubali. Hakuna kifaa cha kusambaza kinachoweza kutoa kasi ambayo haikuingia.

Kwa nini Wi-Fi haifiki

Ruta nyingi hutumia masafa ya gigahezi 2.4 na 5. Ya 2.4 hufika mbali na kupenya kuta vizuri zaidi. Ya 5 hubeba data kwa kasi kubwa, lakini hudhoofika upesi. Tofali za kuchoma hupunguza mawimbi, bati huyarudisha yalikotoka, na majani mabichi huyafyonza. Isitoshe, mawasiliano ni ya pande mbili. Ruta ikipaza sauti, simu iliyo dukani nayo lazima isikike inapojibu, na simu haina nguvu hiyo. Ndiyo sababu alama za mawimbi huweza kuonekana ilhali ukurasa haufunguki.

Vusha kwanza, sambaza baadaye

Kanuni ni hii: peleka intaneti hadi jengo la pili kwa njia ya uhakika, kisha weka humo kifaa kidogo cha kuisambaza. Njia ziko tatu.

1. Kebo ya mtandao. Hufaa umbali usiozidi mita 100. Chagua kebo ya nje yenye shaba halisi, si alumini iliyopakwa shaba. Ipitishe katika bomba la plastiki, kwenye kina kisichofikiwa na jembe. Kumbuka kuwa kebo ya shaba huweza kupitisha athari za radi kutoka jengo moja hadi jingine. Muulize fundi kuhusu kinga.

2. Mkongo. Hupita mita 100 kwa urahisi, na nyuzi zake za kioo hazipitishi umeme. Huhitaji kifaa cha kubadili mawimbi ya mwanga kila upande na fundi mwenye ujuzi.

3. Antena mbili zinazotazamana. Hufaa pale ambapo kuchimba mtaro ni vigumu. Sharti zionane bila kizuizi. Usipime baada ya miwa kuvunwa ukaridhika. Miwa hukua kupita kimo cha mtu, na miti huongeza matawi. Zifunge juu ya kimo hicho.

Kirudia mawimbi kinachochomekwa ukutani ni cha bei nafuu, nacho hufaa kwa jengo la jirani. Kiweke mahali ambapo mawimbi bado ni mazuri, si pale yalipokwisha. Fahamu kuwa kikipokea na kutuma kwa masafa yaleyale, kasi huweza kushuka hadi karibu nusu.

Kabla ya kulipa

- Hakikisha kifaa kimeidhinishwa na Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA).
- Dai risiti na dhamana kwa maandishi.
- Kubaliana na fundi kwamba malipo ya mwisho yatatolewa baada ya kupima kasi katika kila jengo, mbele yako.
- Badilisha nywila iliyokuja na ruta, na uchague ulinzi wa WPA2 au WPA3.
- Ukitaka kuwauzia majirani intaneti, wasiliana kwanza na TCRA kuhusu leseni.

Huduma inayoingia isipolingana na kifurushi ulicholipia, wasilisha lalamiko kwa mtoa huduma kwanza, ukiambatanisha vipimo ulivyoandika. Usiporidhika, lifikishe TCRA. Karatasi yenye tarehe, saa na kasi iliyopimwa karibu na ruta itakusaidia kuliko maelezo ya mdomo.