Beringi ya Gurudumu: Kazi Yake, Uchakavu Wake na Namna ya Kuibadilisha

Gurudumu lenye mzingo wa mita 2 huzunguka mara 500 katika kila kilometa. Gari likiisha kwenda kilometa 100,000, gurudumu hilo huwa limezunguka mara milioni 50, na muda wote huo limebeba takriban robo ya uzito wa gari. Lau lingezunguka juu ya mhimili wake chuma kwa chuma, msuguano ungeula mhimili huo mapema sana. Kinachozuia hayo ni beringi, kifaa kinachoenea kiganjani.

Mwalimu atakaye kuonyesha kanuni yake hahitaji maabara. Kitabu kizito kikiburutwa mezani huwa kigumu kusogea. Kikilazwa juu ya penseli za mviringo husukumwa kwa kidole kimoja. Msuguano wa kubingirika ni mdogo kuliko ule wa kuteleza. Philip Vaughan wa Wales alipewa hataza ya ekseli yenye gololi mwaka 1794, na mwaka 1898 Henry Timken na mwenzake, huko Marekani, walipata hataza ya beringi yenye rola za umbo la pia iliyokatwa ncha.

Umbo hilo lina sababu. Gari likikata kona, gurudumu husukumwa kwa upande pia, mbali na kubeba uzito. Rola iliyolala mshazari huzipokea kani zote mbili. Zaidi ya hayo, mistari ikichorwa kufuata mbavu za rola zote na kurefushwa, hukutana katika nukta moja iliyo juu ya mstari wa katikati wa mhimili. Kwa hiyo kila rola hubingirika bila kuteleza. Lakini beringi ya namna hii huhimili msukumo wa upande mmoja tu, ndiyo maana kila gurudumu huwa na mbili, zikielekeana kinyume.

Mwaka 1947 Lundberg na Palmgren wa Sweden walieleza uhusiano wa mzigo na umri wa beringi. Mzigo juu ya beringi ya rola ukiongezeka maradufu, umri wake haupungui kwa nusu, bali hubaki takriban sehemu moja ya kumi. Wenye pikapu zinazojazwa magunia kupita kiasi yafaa waipige hesabu hii kabla ya kumlaumu muuza vipuri. Adui wa pili ni mchanga na maji, vipitavyo katika sili iliyochakaa. Beringi iliyokufa ikiachwa, hupata moto, hukwama, na gurudumu laweza kung'oka safarini.

Dalili ya kwanza ni mngurumo unaopanda kadiri mwendo unavyoongezeka. Ukizidi gari linapokata kona ya kulia, mashaka ni gurudumu la kushoto, kwani ndilo lililoelemewa. Gari liinuliwe kwa jeki na kutegemezwa kwa stendi imara, magurudumu yaliyobaki yawekewe vizuizi. Kulala chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake ni kucheza na mauti. Gurudumu lishikwe juu na chini, litikiswe. Likicheza, msaidizi akanyage breki: mchezo ukitoweka, kosa ni la beringi, ukibaki, litafutwe katika viungo vya usukani na springi.

Maelezo yafuatayo yanahusu beringi za pia, kama zile za Land Rover za zamani na matrela mengi. Magari mengi ya sasa yana beringi zilizofungwa pamoja kabisa na habu au zinazohitaji presi; hizo zipelekwe karakana. Vumbi la breki lisipulizwe, maana lile la magari ya zamani laweza kuwa na asbesto. Lipanguswe kwa kitambaa kilicholowa.

Nati ikifunguliwa na habu kutolewa, pete za nje hubaki ndani ya habu. Wengi huziacha humo wakaweka rola mpya tu. Hilo ni kosa, kwa kuwa pete yenye mashimo huila rola mpya upesi. Pete hizo zitolewe kwa kugongwa kupitia kipande cha shaba, upande huu na upande huu kwa zamu. Chuma cha beringi ni kigumu na hupasuka vipande, hivyo miwani ya kukinga macho ni lazima. Pete mpya huingizwa vivyo hivyo. Ikifika mwisho, mlio wa nyundo hubadilika ukawa mzito.

Grisi ishindiliwe kwa kiganja kati ya rola mpaka itokeze upande wa pili. Grisi ya zamani isafishwe yote, isichanganywe na mpya. Sili nayo iwe mpya.

Kukaza nati ndiko kunakowashinda wengi. Ikazwe huku gurudumu likizungushwa ili rola zikae mahali pake, kisha ilegezwe, halafu irudishwe kwa nguvu ya vidole tu. Uwazi unaotakiwa ni mdogo mno, kwa kawaida sehemu chache za mia za milimeta. Kitabu cha gari ndicho chenye kipimo halisi. Nati iliyokazwa mno huzibana rola, zikapata joto, na grisi ikayeyuka. Pini ya kuizuia nati isifunguke iwe mpya daima.

Baada ya mwendo wa kilometa chache pasipo kukanyaga breki sana, habu ziguswe kwa uangalifu. Iliyotengenezwa ikiwa ya moto kuliko mwenzake wa upande wa pili, nati imebana na ifunguliwe upya siku hiyo hiyo.