Gauni Lenu Linajulikana kwa Jina la Nani?

Somo kwa vikundi vya kushona
Muda: saa mbili. Mje na: nguo mbili au tatu mlizoshona wenyewe, daftari na kalamu.



Wapendwa wanavikundi, wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Mafundi wengi wa cherehani wanaitegemea methali hii. Wanasema, nikishona vizuri wateja watakuja wenyewe. Ni kweli, lakini ni nusu tu ya ukweli. Chema kinamfaidi aliyekitengeneza pale mnunuzi anapojua kimetoka kwa nani. Asipojua, faida inakwenda kwa mtu mwingine. Sisi tuliliona jambo hili kwa macho yetu hapa Kisumu.

1. MAMBO YALIVYOKUWA

Kuna kikundi cha akina mama kumi na wawili tunachokitembelea. Kinakutana chini kidogo ya Milimani, upande wa kuelekea ufuo wa Dunga. Wana cherehani nne. Wanashona magauni ya kitenge na kuyatia urembo wa mkono shingoni, kazi safi kabisa. Mwenye duka mmoja mjini alikuwa akinunua magauni yao yote, shilingi 1,400 kila moja. Akina mama waliridhika.

Siku moja mweka hazina wao alikuwa akipita Milimani, akakutana na mama mmoja wa ofisi amevaa gauni lao. Alilitambua kwa ule urembo wa shingoni, maana aliushona mwenyewe. Akamsifu, akamwuliza amelinunua kwa bei gani. Yule mama akasema shilingi 3,500. Tena akageuza kola kumwonyesha lebo. Jina lililoandikwa pale lilikuwa la duka.

"Nawatafuta hao mafundi wanishonee lingine la binti yangu," akasema, "lakini dukani hawaniambii wako wapi."

Tulipoketi na kikundi, wengine walitaka kwenda kugombana na mwenye duka. Tukaulizana polepole: ametuibia nini? Alinunua, akalipa, na ana kodi ya duka. Kumbe ni sisi tulioziachilia nguo zitoke mikononi mwetu bila jina, naye akazipa lake. Mtoto asiyepewa jina na mamaye, jirani atamwita apendavyo.

2. JINA LA KAZI NI NINI?

Someni Matendo ya Mitume 9:36-42. Tabitha wa Yopa, aitwaye pia Dorkas, alipofariki, wajane walimwonyesha Petro kanzu na nguo alizowashonea alipokuwa hai. Hawakumweleza kwa maneno matupu. Nguo zenyewe zilimshuhudia, kwa sababu kila mjane alijua nani alizishona.

Tuangalie na mfano wa karibu. Duka la Kaderdina Hajee Essak lilianzishwa Mombasa mwaka 1887. Leso zake zilichapwa maneno "K.H.E. – Mali ya Abdulla" kwenye kitambaa chenyewe. Leso inauzwa, inafungwa kiunoni, inabebea mtoto, inafika bara, na jina linakwenda nayo. Mama akipenda leso ile, anajua ya kuulizia sokoni. Lakini fikirini: kama kitambaa kingekuwa kibovu, jina lile lile lingewafukuza wanunuzi.

Basi jina la kazi lina sehemu mbili. Ya kwanza ni alama inayoonekana: neno, picha, lebo. Ya pili ni ahadi iliyo nyuma ya alama hiyo. Alama bila ahadi ni udanganyifu. Ahadi bila alama ni ile hasara ya akina mama wa Dunga.

3. TUNAUZA NINI AMBACHO MITUMBA HAINA?

Tusijidanganye. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 soko la Kenya lilifunguliwa, mitumba ikaingia kwa wingi, na viwanda vingi vya nguo vikaanguka, hata hapa Kisumu. Mkienda Kibuye siku ya Jumapili mtaona marobota ya kila aina. Kwa bei, hatuwezi kushindana na mitumba. Anayejaribu atashona usiku na mchana na bado atakopa unga.

Lakini mtumba haukupimwa juu ya mwili wa mvaaji. Hauwezi kurudishwa kwa fundi mvaaji akinenepa. Ukiupenda, huwezi kuagiza wa pili unaofanana nao. Hapo ndipo penye nafasi yetu. Kikundi kiamue jambo moja au mawili kitakayoyafanya kila mara bila kukosa, na hayo ndiyo yawe ahadi yake. Wenzetu wa Dunga walichagua matatu: urembo wa mkono shingoni, pindo pana linaloweza kuachiliwa, na marekebisho ya bure kwa miezi mitatu.

4. HATUA ZA KUFUATA

Kwanza, pimeni umoja wenu. Changanyeni nguo za mafundi wote mezani. Je, mgeni atasema zimetoka nyumba moja? Kama mmoja anamaliza mishono ndani na mwingine anaacha nyuzi zikining'inia, msikimbilie lebo. Kubalianeni kwanza upana wa pindo, urefu wa mshono, aina ya zipu, na nani atakagua kila nguo kabla haijatoka.

Pili, chagueni jina. Liwe fupi, litamkike kwa Mluo, Mluhya na Mhindi wa mjini bila shida. Jina kama Nyar Nam, yaani binti wa ziwa, ni tamu, lakini hapa kwetu wengi wanalipenda, kwa hiyo chunguzeni kama kuna aliyewatangulia. Msikope jina la Paris wala London. Watengeneza shanga wa Kazuri walioanza Karen, Nairobi, mwaka 1975 walitumia neno la Kiswahili tu, lenye maana ya kitu kidogo na kizuri, na shanga zao zimevuka bahari kwa jina hilo.

Tatu, tafuteni alama ambayo hata asiyejua kusoma ataitambua. Kikundi chetu kilichagua ngege mdogo wa uzi wa buluu, anayeshonwa kwa mkono ndani ya pindo, upande wa kushoto. Gharama yake ni uzi na dakika chache. Lebo ya shingoni waliongeza baadaye, yenye jina na nambari ya simu ya kikundi, si ya mtu mmoja. Mtu akihama, simu ibaki.

Nne, pigeni hesabu ya bei. Tuseme kitambaa ni shilingi 750, uzi na zipu 120, kazi 500, lebo 20, nauli na matengenezo ya cherehani 110. Jumla ni 1,500. Mnaona sasa? Yule aliyeuza kwa 1,400 alikuwa akiuza jasho lake kwa hasara, kwa sababu hakuhesabu kazi yake mwenyewe. Wekeni bei moja iandikwe, na msimpunguzie shangazi mkampandishia mgeni.

Tano, wekeni daftari la wateja: jina, vipimo, tarehe, kitambaa. Mteja akirudi baada ya mwaka mkakuta vipimo vyake, hatawasahau. Daftari hilo lifungiwe, maana vipimo vya mtu ni siri yake.

5. SIKU JINA LILIPOJARIBIWA

Ngege alipokuwa na miezi minane, kwaya ya parokia moja iliagiza sare 24, nyeupe zenye utepe mwekundu pindoni. Haraka ilikuwa kubwa. Hakuna aliyejaribu utepe. Katika kufua mara ya kwanza tu, wekundu ukachuja, sare zote zikawa na madoa.

Kikao cha siku hiyo kilikuwa kigumu. Wengine walisema kosa ni la aliyetuuzia utepe. Mmoja akasema, kama tusingetia alama, nani angejua? Hapo mwenyekiti akageuza pindo moja, akamwonyesha yule ngege. Hakusema kitu.

Walizirudia sare kwa gharama yao, karibu shilingi 400 kila moja, jumla 9,600. Sanduku lilibaki tupu. Mwanachama mmoja alijitoa kwa hasira, na hadi leo hajarudi. Hatutaki kuwaficha: uaminifu una gharama. Kwaya ile iliagiza tena mwaka uliofuata. Lakini hata kama isingeagiza, tunaamini walifanya sawasawa. Kitabu cha Mithali, mwanzo wa sura ya 22, kinaweka jina jema mbele ya utajiri mwingi.

Tangu siku hiyo wana desturi: kila kitambaa kipya kinakatwa kipande kidogo, kinaloweshwa, kinakandamizwa kwa pasi ya moto juu ya kitambaa cheupe. Kikichuja, hakitumiki na cheupe. Na kitambaa cha pamba kinafuliwa kabla ya kukatwa ili kisije kuruka baadaye.

6. KULINDA JINA

Wengi huchanganya mambo matatu. Cheti cha kikundi, kinachotolewa kupitia ofisi ya maendeleo ya jamii chini ya sheria ya vikundi ya mwaka 2022, kinakitambua kikundi chenu, basi. Jina la biashara linasajiliwa kupitia eCitizen, na kama hamjui kompyuta, ombeni msaada Huduma Centre. Lakini kinachowapa haki ya kumzuia mwingine asitumie alama yenu ni kusajili alama ya biashara kwa taasisi ya KIPI. Usajili huo ni wa miaka 10, na unaweza kuongezwa. Msianze na hilo kama sanduku ni dogo. Anzeni na pindo safi, kisha muweke akiba kidogo kidogo.

Na yule mwenye duka? Bado ananunua. Bei ni 2,000, na ngege anabaki ndani ya pindo. Yule mama wa Milimani naye alimpata fundi wake. Binti ameshashonewa mawili.

MASWALI YA KUJADILI
1. Nguo zetu zinapotoka hapa, mnunuzi anajuaje kwamba ni zetu?
2. Tutaje ahadi mbili tunazoweza kuzitimiza hata wakati wa haraka.
3. Tukiharibu oda, nani analipa, na kutoka wapi? Tuandike leo, kabla halijatokea.
4. Kati yetu, nani atakagua, nasi tutamkubali akituambia tufumue?